Neno la Bibi Mkubwa

Kosa la Marcelline lilikuwa kucheka. Na hakucheka kile kicheko kidogo cha puani ambacho mtu anaweza kukisingizia mafua. Alicheka mpaka kitenge kikamtoka begani, akiwa amekaa kwenye godoro la wafiwa, mbele ya kwaya nzima ya parokia, katika kilio cha mume wake mwenyewe.

Tumtetee kidogo. Aliyemchekesha ni kiongozi wa kwaya, mama mwenye mwili na sauti, aliyeingia analia, akapiga magoti, akamshika Marcelline mikono na kuanza kumsifu marehemu. Alisema hakuna Mkristo aliyeijali kwaya yao kama Papa Ignace.

"Kisha misa kwisha alikuwa ananifuata," alisema huku akijifuta machozi. "Siku moja ananiita pembeni, ananiambia: Maman, nimebahesabu. Muko bamama kumi na mbili, na bote munaimba maneno moja. Kwa kiwanda yangu, kazi ya mutu moja sipatiake batu kumi na mbili."

Mama wa kwaya alizidi kulia aliposema hivyo, kwa kuwa kwake hiyo ilikuwa heshima: mtu mkubwa kama yule kujisumbua kuwahesabu. Marcelline yeye alimwona Ignace wazi kabisa, amesimama mlangoni mwa kanisa na suti yake ya Jumapili, uso wa mtu anayeokoa taifa. Kicheko kikamtoka kabla hajapata nafasi ya kukizuia.

Wifi yake Christine, waliyekaa naye godoro moja, alimfinya paja. Wanakwaya waliangaliana, wakaanzisha wimbo haraka haraka, nusu yao kwa sauti ya juu na nusu kwa sauti ya chini.

Ignace alikuwa ameongoza kiwanda cha sabuni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na alipostaafu aliendelea kuongoza chochote kilichokuwa karibu. Mtaa mzima wa Nguba ulimjua. Aliwapanga wanawake foleni kwenye bomba la maji, wenye ndoo ndogo mbele, wenye bidoni, yale madumu makubwa, nyuma. Alimfundisha muuza sambaza kulaza samaki wake vichwa upande mmoja. Watu walimkasirikia asubuhi na kumletea ndizi jioni. Hata siku moyo wake uliposimama, alikuwa ametoka kumwambia muuguzi kwamba shuka alilolazwa juu yake halikusuuzwa vizuri.

Marcelline alimpenda mtu huyo. Tuliseme wazi, maana katika siku zile za kilio walikuwepo waliolitilia shaka. Alimpenda mno, na machozi aliyangoja kama wenzake walivyoyangoja. Lakini kila alipomkumbuka, kilichotangulia kuja ni kichekesho, na machozi yakabaki huko huko yaliko.

Na jambo lenyewe halikuwa dogo. Padri alikuwa amesema hataki hotuba nyingi kwenye misa ya mazishi: historia ya marehemu isomwe na mtoto wake, kisha nyumba iseme neno moja tu la kuaga, basi. Neno hilo kwa kawaida ni la mjane, na Marcelline alilitaka. Hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu, lakini aliwafahamu mashemeji zake. Wakiachiwa peke yao, wangemzika mtu mwingine.

*

Christine alikuwa ameshuka kutoka kijijini kwao Walungu na vitenge vitatu vya kilio, na tangu alipofika ndiye aliyekuwa akiendesha mambo. Dada huyu wa marehemu alikuwa fundi wa vilio. Aliweza kulia hadi watu wa barabarani wakasimama, kisha akainuka, akaenda kuuliza kama maharage yameiva, akarudi akaendelea kulia pale pale alipoachia. Tusimwonee: alikuwa na uchungu wa kweli. Ila uchungu wake ulikuwa na utaratibu.

Baada ya kwaya kuondoka, alimvuta Marcelline nyuma ya jikoni.

"Maman Parfait, batu banakuangalia."

"Baniangalie. Nitafanya nini?"

"Beko banasema uko na furaha."

"Furaha ya nini, Tantine? Ya kulala miye moja?"

"Miye sijue. Batu njo banasema." Christine aliangalia huku na huku, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kipande cha plastiki kilichosokotwa. Ndani mlikuwa na pilipili ya kusaga. "Kidogo tu, na ncha ya kidole. Unapitisha chini ya jicho. Usiogope. Hata miye nilitumia kwa kilio ya bwana yangu, na ule bwana nilikuwa namupenda."

Marcelline aliitazama pilipili, akamtazama wifi yake. Alitamani kukasirika, lakini uso wa Christine ulikuwa na huruma tupu, uso wa mtu anayemgawia mwenzake dawa iliyomponya.

"Ignace angejua," alisema mwishoni. "Ule mutu alikuwa anaonja sabuni na ulimi, anakuambia leo magadi imezidi. Machozi ya pilipili angeitambua toka ndani ya sanduku."

Na akiwa anasema hivyo, pembe ya mdomo wake ikaanza kucheza. Christine aliiona. Alisokota plastiki yake, akairudisha kwenye fundo.

Alasiri walipanda wazee wa Cimpunda, wafanyakazi wa zamani wa kiwanda, wote wamevaa makoti, wengine makoti ya mvua. Aliyewatangulia ni Papa Pascal, aliyekuwa kapita, yaani msimamizi, wa chumba cha kuchemshia sabuni. Sasa lazima mjue kwamba Pascal huyu, kwa miaka yote ya kazi, ndiye aliyekuwa akiwachekesha wenzake kwa kumwigiza bosi nyuma ya mapipa, na kwamba Ignace alilijua hilo na siku moja alimwita ofisini kumrekebisha namna ya kushika mikono mgongoni. Ndani ya sebule Pascal alianza vizuri, kwa heshima. Alitoa pole. Alisema wamempoteza baba. Kisha akasema "kwa mufano," na hapo mambo yakaharibika.

"Kwa mufano, siku moja nililala juu ya mifuko ya magadi, saa ya kazi. Muzee alikuwa na vile viatu vya mupira, haisikilikane. Nafungua jicho, eko amesimama hivi." Pascal akainuka, akatia mikono mgongoni, akasukuma tumbo mbele, akashusha miwani isiyokuwepo hadi ncha ya pua. Alikuwa Ignace mtupu. "Hakunilamusha. Ananiuliza: Pascal, umeota nini? Nikasema: Patron, nimeota ninakula nyama ya mbuzi. Ananiuliza: Ilikuwa na chumvi? Nikasema: Ndiyo, Patron. Anasema: Bon. Sababu umeshakula, leo saa sita usikuje kwa chakula. Na saa sita alinifungia mulango kweli! Mangaribi ananibeba na gari mpaka huku kwake, tunafika, nakuta mbuzi."

Marcelline aliijua jioni hiyo. Yeye ndiye aliyemkimbiza mbuzi huyo uani, na kanga za jikoni kiunoni, huku mume wake akitoa maelekezo kutoka dirishani. Aliuma kitenge. Aliuma kidole. Halafu akalala ubavu kwenye godoro na kucheka kwa sauti, mabega yakimtikisika, na wazee wa Cimpunda wakacheka naye, kwa dakika chache sebule ile ikawa kama Krismasi.

Kwenye kizingiti cha mlango alikuwa amesimama shemeji yake Floribert. Hakucheka.

*

Baraza la familia lilikaa chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, upande ule upepo wa ziwa usipofika. Floribert, kaka mkubwa wa marehemu, alikaa katikati na fimbo yake. Mtoto mkubwa wa nyumba, Parfait, alikaa kulia kwake na karatasi mkononi. Alikuwa amefika kutoka Kinshasa kwa kuzunguka Kigali, na alikuwa hajalala vizuri. Marcelline aliitwa kama mtu anayeitwa ofisini, akaonyeshwa kiti cha pembeni, kile chenye mguu uliopasuka, na hakuna aliyebadilishana naye.

"Tulitaka usikie historia ya marehemu," Floribert alisema. "Parfait, soma."

Parfait alisoma kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wazee wa Walungu wasikie. Humo Ignace alikuwa nguzo na mwenge. Alikuwa simba wa viwanda vya Kivu, mtu wa chuma, asiyejua mzaha wala kurudi nyuma, aliyekaa meza moja na wakubwa. Wazee waliitikia kwa vichwa. Marcelline alisikiliza hadi mwisho, akingoja mume wake aingie. Hakuingia.

"Huyu eko nani?" aliuliza.

Parfait alishusha karatasi. "Maman, ni papa."

"Papa yako alikuwa anaogopa panya."

Mzee mmoja alipatwa na kikohozi cha ghafla. Parfait aliona aibu, na aibu yake ilimchoma mama yake, kwa sababu hakutaka kumuumiza. Mwanawe alikuwa ameishi mbali muda mrefu, na baba aliyemjua alikuwa yule wa kwenye simu, anayeuliza habari za kazi, anasema "bon, courage" na kukata. Simba wake alimtunga kwa mapenzi, kwa vifaa alivyokuwa navyo.

"Mulamu," Floribert alimwambia shemeji yake, akichora vumbi kwa fimbo, "hakuna mutu anakuhukumu. Lakini kesho kanisa itajaa. Bakubwa batakuja. Monseigneur mwenyewe, askofu, anaweza kutuma mutu. Kama unasimama pale mbele na unacheka, jina ya familia itaenda wapi?"

"Sitacheka."

"Na leo haukucheka?"

Marcelline alivuta kitenge magotini; Floribert akaendelea.

"Neno atasema Christine. Yeye anajua. Weye utakaa kwa banc ya mbele, unafunika uso na kitenge, batu baone kama uko na huzuni. Hiyo tu njo tunakuomba."

"Muzee Floribert, nilikaa na yeye toka niko musichana."

"Tunajua."

"Christine alikuwa anamuona Noeli na Pasaka."

"Mulamu, imekwisha."

Aliinuka. Kiti chenye mguu uliopasuka kikaanguka nyuma yake, na wanaume wakatazama kando kwa adabu, hilo likamuumiza zaidi. Alirudi kwenye godoro akiwa na uchungu ambao hata kifo chenyewe kilikuwa hakijamtia. Kifo kilimchukua mume. Hawa walikuwa wanachukua hata yule aliyebaki naye kichwani, mwenye kusumbua, mwenye mahesabu, na kumwekea simba mahali pake.

*

Malaika, binti wa binti yake, alimkuta hivyo. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mrefu, mdomo mwepesi, na tangu siku alipozaliwa babu yake alimwita bibi yangu mudogo, yaani mke wake mdogo, kama wazee wa huko wanavyowaita wajukuu wa kike. Kwa hiyo yeye na Marcelline walikuwa wake wenza, na uke wenza huo waliutekeleza kwa bidii. Kila sikukuu waligombea nyama laini, huku Ignace akiamua kesi kwa uzito wa mkurugenzi na kumpa kila mmoja mfupa.

"Sogea, bibi mukubwa," Malaika alisema, akajitupa kwenye godoro. "Nafasi yote unachukua weye, na miye pia nimefiwa."

Marcelline alisogea.

"Banakunyanganya neno, njo nasikia?"

"Banasema nachekaka."

"Sasa ule bwana yetu, mutu anaweza kumukumbuka bila kucheka? Miye alinifundisha kuendesha moto, pikipiki yake, alikuwa anakimbia pembeni na anapuliza filimbi."

"Nyamaza," alisema Marcelline, akigeuzia uso ukutani, maana Christine alikuwa anatazama. Alipotulia aliongeza kwa sauti ya chini, "Uchungu iko, Malaika. Iko hapa, imejaa. Haitoke tu."

Malaika aliacha utani. Akamwekea mkono mgongoni. "Na kama bangekuachia, ungesema nini?"

"Sijue. Ningesema vile alikuwa."

"Bon."

"Malaika, usilete fujo. Muzee Floribert eko mutu mukubwa."

"Miye niko mujukuu tu, Koko. Nitafanya nini?" Alilisema hilo, na lile "Koko" la mjukuu kwa bibi au babu, kwa upole mwingi mno, na kama Marcelline asingekuwa amechoka, upole huo ungemtia wasiwasi.

*

Asubuhi ya mazishi jeneza lililetwa kutoka chumba cha maiti, likalazwa sebuleni, watu wakapita kuaga. Christine alilia kwa kiwango chake cha juu. Kisha wanaume sita wakalibeba kutoka nje, Floribert mbele na fimbo, Parfait na karatasi yake, wazee wa Cimpunda wamejipanga ukutani, gari la maiti linangoja barabarani na injini inaunguruma. Walipofika kwenye lango la chuma, lilikuwa limefungwa. Mbele yake alisimama Malaika, amevaa koti la Jumapili la babu yake, mikono imemezwa na mikono ya koti, na nyuma yake wajukuu wote wakubwa kwa wadogo.

"Munapeleka wapi bwana yangu?" aliuliza.

Uani pakapita kicheko cha chini. Kila mtu alijua mchezo huo, na hakuna aliyeshangaa. Katika ukoo ule wajukuu ndio wenye lango siku ya kumtoa babu. Huwa wanalifunga, wanadai kitu, wanapewa, wanafungua. Kwa kawaida wanadai soda, na Floribert, mtu wa kujiandaa, alikuwa na noti tayari mfuko wa shati.

"Bajukuu, haya, mukunywe sukre yenu," alisema, akizitoa.

"Sitaki sukre."

"Ongeza, Muzee," sauti ilisema kwa nyuma. Floribert akaongeza, akinung'unika jinsi desturi inavyotaka.

"Koko, rudisha ile makuta kwa mufuko," Malaika alimwambia mzee, akizikataa noti. "Miye niko bibi mudogo. Bibi mudogo anaachilia bwana aende namna gani, na bibi mukubwa hajamuaga? Bibi mukubwa aseme neno lake hapa, mbele yake. Akimaliza, nafungua."

Kicheko kikakatika. Floribert alikunja uso.

"Ile maneno tulishamaliza kwa baraza."

"Mulimaliza na batonton na batantine. Na bajukuu mulimaliza?"

Floribert aliwageukia wazee wa Walungu kutafuta msaada. Mmoja akatazama mawingu. Mwingine, aliyekuwa amefungiwa lango kama hilo siku ya kumzika baba yake, alisema tu kwamba mjukuu akikataa amekataa, haijawahi kuonekana maiti ikapitishwa juu ya ukuta. Wakati huo huo mbebaji wa nyuma, jasho likimtiririka, alilalamika kwa sauti.

"Muzee! Huyu papa iko muzito!"

"Mulamu," Floribert alisema kwa meno, "sema. Lakini mbio."

Hivyo Marcelline alijikuta katikati ya ua bila kujiandaa, kitenge kimekaa upande, watu wote wanamtazama. Wabebaji waliliteremsha jeneza kwenye viti viwili. Alisogea, akaweka kiganja juu ya mbao. Alitaka kugeukia watu kama wasemaji wanavyofanya, lakini hakugeuka.

"Ignace," alisema. "Ignace, banasema ulikuwa simba. Miye simba sikuionaka. Unakumbuka siku ya kwanza ya retreti yako, umeshaacha kazi? Ulikuja kwa jikoni na kravate kwa shingo, na kalamu ya bic kwa mufuko, unaniomba rapoti ya maharagi. Nikakupatia kitunguu na kisu. Ile kitunguu moja uliikata mpaka nikamaliza kupika. Vipande yote sawasawa! Nani anakataka kitunguu na rula?"

Pascal ndiye aliyeanza. Wazee wa Cimpunda wakafuata, halafu majirani, kisha hata waombolezaji wa Walungu. Christine alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Ulikuwa unasumbua," Marcelline aliendelea, na sasa alikuwa anazungumza kama wanavyozungumza watu walio peke yao nyumbani. "Nikuambie kweli: ulikuwa unanisumbua sana. Kila asubuhi unabadilisha nafasi ya masufuria yangu. Miye narudisha. Weye unabadilisha. Ile vita tulipigana bila kutosha neno kwa kinywa, na siku zenye ulikuwa hospitali, masufuria ilibaki fasi niliiacha. Nikaona nyumba imekuwa kubwa."

Mkono wake ulikuwa unapapasa mbao.

"Wakati Josué wetu alikufa, hajafikisha hata mwaka, batu bote balikuja kunifundisha kuvumilia. Bapadri bananifundisha. Bamama bananifundisha. Weye haukunifundisha kitu. Ulibeba nguo zake zote nyuma ya nyumba, ukazifua. Direktere mwenyewe, na mikono yako, majirani banaangalia. Zile nguo ndogo-ndogo. Ukazianika, ukazipiga pasi, ukazikunja, ukaniletea, ukaenda kukaa inje. Toka ile siku nilijua niliolewa na nani."

Hakuna aliyecheka. Parfait alikuwa amezaliwa baada ya Josué, na habari hiyo hakuwahi kuisikia kwa mtu yeyote. Alisimama na karatasi yake inaning'inia, midomo imefunguka.

"Basi. Nimemaliza," Marcelline alisema. "Nimekukasirikia sababu unaniacha. Lakini enda, Ignace. Enda muzuri."

Malaika alifungua lango.

Jeneza lilipokuwa linaingizwa garini, Floribert alimkaribia, fimbo ameishika katikati kama mtu asiyejua aiweke wapi. "Mulamu. Ile maneno ya nguo za mutoto. Unaweza kuirudilia kwa kanisa? Christine anaweza kukuachia." Nyuma yake Christine alitikisa kichwa kukubali.

"Hapana, Muzee. Christine aseme. Na Parfait asome simba yake, aliandika na roho yake yote. Kule mutasema na batu. Miye nilikuwa na neno na Ignace, na nimeshamwambia."

Garini mlikuwa na benchi mbili na jeneza katikati. Kwa desturi mjane hupanda na mjukuu mmoja tu, wengine wote hufuata nyuma, kwa miguu na kwa mabasi ya kukodi. Dereva alifunga mlango. Gari lilipopiga shimo la kwanza jeneza likateleza kidogo upande, na Marcelline akanyoosha mikono kulizuia, na hapo yakaja. Yalikuja yote. Alilia mdomo wazi, bila mpangilio, kamasi na mate, akimwita Ignace kwa majina ambayo watoto wake hawakuyajua, akimgombeza, akimwomba arudi abadilishe masufuria anavyotaka.

"Lia, bibi mukubwa," Malaika alimwambia, naye analia, mikono yake mirefu imekumbatia mbao. "Miye nashika sanduku."

Barabara ile ina mashimo mengi, na siku hiyo Marcelline aliyashukuru yote. Gari lilipoanza kupunguza mwendo mbele ya kanisa, alipenga kamasi, akajifuta uso kwa kitenge, akakivaa upya vizuri. Macho yalikuwa mekundu, lakini vumbi lilikuwa limemfanya kila mtu awe na macho mekundu.

Christine, aliyekata njia ya mkato kwa teksi akawatangulia, alikuwa anangoja kwenye ngazi. Alimpokea mkono kumsaidia kushuka, akamchungulia usoni kwa makini, upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Maman Parfait," alinong'ona. "Hata leo? Hata chozi moja?"

"Hata moja, Tantine," Marcelline alijibu, akamshika mkono, wakaingia.